BARABARA INALALA CHINI YA BARABARA: PICHA ZA MUJI WETU WA GOMA



Katika namba hii tunataka kuwaelezea jambo moja ambalo tunalikanyaga kila siku na viatu vyetu, lakini hatulifikiri. Asubuhi tunatoka Majengo, Mabanga, Birere ao Himbi, tunakuja masomoni. Kwetu sisi, barabara ni barabara. Kumbe, fasi nyingi mu muji huu, barabara tunayoikanyaga si ile wazazi wetu walikanyaga. Ile ya wazazi iko chini, metre moja ao mbili, imefunikwa na makoro. Lakini nani ataamini hivyo kama hakuna wa kumuonyesha?

Ndiyo maana sisi watano wa kikundi cha jarida tulikwenda kumutembelea mupiga picha mumoja wa mutaa. Jina lake hakutaka tuandike. Alisema: "Batoto, andikeni habari ya picha, musiandike habari yangu." Basi tutamwita tu Muzee. Alianza kazi wakati inchi yetu ilikuwa inaitwa Zaïre, na tangu pale amepiga picha za avenyu na ronpwe za Goma, hata kama hakuna mutu aliyemulipa.

KWA NINI KUPIGA PICHA YA BARABARA?

Tulimuuliza swali hilo la kwanza, yeye akacheka. Mupiga picha wa mutaa anakula kwa ndoa, kwa ubatizo, kwa picha ndogo za karti. Barabara hailipi. Lakini zamani picha zilikuwa mu pelikule, na pelikule moja ilikuwa na picha 36. Mwenye ndoa aliomba 30. Zile sita zilizobaki, ufanye nazo nini? Ukingojea muteja mwingine, mwenye ndoa atakasirika juu picha zake zinakawia. Ukitoa pelikule vile iko, sita zinapotea bure. Basi Muzee alikuwa anatoka inje ya stidyo, anasimama kwenye kona, anapiga barabara mara sita, halafu anaingia mu chumba cha giza kutengeneza yote pamoja. Hivi ndivyo habari ya muji iliandikwa: na mabaki ya ndoa za watu.

Musifikiri kwamba Muzee ni peke yake. Mu muji wa Paris, kule Ufaransa, Charles Marville alipewa kazi na serikali ya muji, kati ya miaka ya 1860, apige vichochoro vya zamani mbele havijabomolewa kwa kufungua njia pana. Nyuma yake alikuja Eugène Atget, aliyekufa mwaka 1927, ambaye alitembea na kamera nzito ya miti akipiga maduka, milango na ngazi. Na hapa kwetu Kongo, Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua picha za watu wa zamani za wakati wa ukoloni na kuzibandika juu ya picha zake mwenyewe za mashini na viwanda vya Gécamines vilivyoharibika. Mutu anaona wakati mbili pamoja, na anaanza kuuliza maulizo.

SIKU YA 17 JANUARI 2002

Sisi wanafunzi wote tulikuwa bado kuzaliwa. Waalimu wetu wanaikumbuka. Ilikuwa siku ya ine. Mulima wa Nyiragongo, wenye urefu wa metre 3.470 hivi, ulipasuka kwa mbavu, upande wa kusini, na nyufa zikatelemuka mpaka karibu na muji. Wengi wanafikiri kwamba moto ulimwangika toka juu sawa chungu cha maharagi kinachofurika. Sivyo. Udongo ulifunguka kwa chini, na makoro ya moto yakatokea pale, karibu na watu. Makoro ya Nyiragongo ni mepesi sana, yanatiririka sawa uji usiokauka, juu yana silisi kidogo. Yalikata kiwanja cha ndege, yakapita katikati ya muji, yakaingia mu ziwa Kivu. Yalifunika karibu 13 kwa mia ya Goma, na watu karibu 120.000 wakabaki bila nyumba.

Stidyo ya Muzee ilikuwa kwenye njia ya moto. Alikuwa na karto tatu za negatifu chini ya meza. Mama wa nyumba alikuwa anabeba mutoto na sufuria. Yeye alishika karto moja kwa mukono moja, na mashini ya kushona kwa mukono mwingine. Karto gani? Hakuangalia. Alipofika ng'ambo ya Gisenyi na kuifungua, aliona miaka iliyookoka na miaka iliyokufa. "Sikuchagua," alituambia. "Ningekuwa na dakika moja, ningechagua." Halafu alinyamaza, na sisi vilevile tulinyamaza.

Kisha siku chache watu walirudi, wengine juu ya makoro ambayo yalikuwa bado na joto. Walivunja mawe, walisawanisha, walijenga nyumba za mbao na manjanja palepale. Nyumba zingine za orofa, chini yake ilizikwa, na chumba cha juu kikawa chumba cha chini. Mawe yaliyoharibu muji yalikuwa tena mawe ya kuujenga: angalieni kuta nyeusi pande zote.

NAMNA YA KUSOMA PICHA YA BARABARA

Muzee alitufundisha kwamba picha ya barabara si ya kuangalia tu, ni ya kusoma. Hii ndiyo namna.

Kwanza, tafuta kitu kisichohama. Kwetu ni Nyiragongo, iko kaskazini. Ziwa, iko kusini. Na Mont Goma, kile kilima kidogo karibu na ziwa. Ukiona mulima nyuma ya barabara, unajua mupiga picha aliangalia kaskazini.

Pili, tazama kivuli. Jua linatokea upande wa Gisenyi, linatua upande wa Sake. Kivuli kikilala kuelekea Sake, ni asubuhi. Kikilala kuelekea Gisenyi, ni nyuma ya saa sita. Kivuli kikiwa kifupi chini ya miguu, ni saa sita ya muchana.

Tatu, soma maandiko. Neno "Zaïre" kwenye kibao linasema kwamba kibao kiliandikwa kati ya 1971 na 1997. Lakini angalisho! Halisemi kwamba picha nayo ilipigwa miaka ile, juu kibao kinaweza kubaki kwenye ukuta miaka kumi nyuma ya jina kubadilika. Ukisoma kwamba Goma ni muji mukubwa wa Nord-Kivu, maandiko hayo ni ya kuanzia 1988, juu mbele ya pale mambo yote ya jimbo la Kivu yalikuwa Bukavu. Ukiona sanamu ya chukudu ya rangi ya zahabu kwenye ronpwe, picha ni ya kuanzia 2009. Kitu kipya kinakuambia "si mbele ya hapa." Kitu cha zamani hakikuambii "si nyuma ya hapa." Wanafunzi wengi wangekosa swali hilo, na sisi vilevile tulilikosa.

NAMNA YA KURUDI FASI ILEILE

Hapa ndipo mambo ya jeometri yanaingia, ninyi munaosema kwamba hesabu haina faida.

Kama unataka kulinganisha zamani na leo, lazima usimame pale mupiga picha alisimama. Namna gani, kama barabara imezikwa? Tafuta mu picha vitu viwili vilivyo katika musitari moja: kwa mufano, kona ya ukuta wa karibu inagusa bega la kushoto la Nyiragongo. Tembea mpaka macho yako yaone vilevile. Sasa uko juu ya musitari ule, lakini hujui ni mbele ao nyuma. Tafuta vitu viwili vingine, upande mwingine. Pale mistari miwili inakutana, ndipo kamera ilikuwa. Kwa kweli kamera iko sasa metre moja ao mbili juu zaidi, lakini fasi ni ileile.

Muzee hakufundishwa hivyo na profesa. Alifundishwa na shida. Kisha 2002, vijiwe vya mipaka ya maparseli vilikuwa chini ya makoro. Mama mumoja mujane alikuja kwake na kusema: "Papa, wewe ulipiga avenyu yetu. Nionyeshe mulango wangu." Jirani yake alikuwa amejenga, na mama alisema kwamba amekula metre zake. Kwa bahati avenyu ile ilikuwa mu karto iliyookoka. Walikwenda wote watatu, na picha mukononi: mama, jirani, na Muzee. Walitafuta mistari, wakasimama, wakapima.

Na munafikiri nini? Picha haikumupa mama yote aliyotaka. Ilionyesha kwamba jirani ameingia kwa mama, ndiyo. Lakini ilionyesha tena kwamba lupango ya zamani ya mama ilikuwa ndani zaidi kuliko vile yeye alisema. Mama alikasirika na Muzee. Jirani vilevile alikasirika. Muzee aliwaambia: "Picha haina jamaa." Picha si karti ya parseli, na mwenye kukata neno ni serikali. Lakini jioni ile jirani wawili walikubali kupima kuanzia fasi moja, na hawakupigana. Muzee anasema kwamba kazi ya maisha yake yote, kama ilikuwa tu kwa siku ile, inatosha.

KILE PICHA HAISEMI

Tulimuuliza: "Muzee, sisi wa Birere, vichochoro vyetu viko wapi?" Alitafuta mu karto muda murefu. Kulikuwa na njia ya gudroni, banki, ronpwe, magari mazuri. Kichochoro kilikuwa kimoja tu, na ndani yake mutoto akikimbia. Alisema kwa haya: "Nilitaka batu baone Goma mazuri. Nilikuwa kijana."

Hili ni fundisho kubwa kuliko yote. Picha inaonyesha kile kilikuwa mbele ya kamera, lakini mutu ndiye aliyegeuza kamera. Wenye hawakupigwa picha waliishi vilevile. Mutu akikuonyesha picha za muji wa zamani na kusema "Ona vile ilikuwa safi," muulize kwa upole: na nyuma ya kamera, kulikuwa nini?

KULINDA KILICHOBAKI

Tarehe 22 Mei 2021, jioni ya siku ya posho, Nyiragongo ilipasuka tena. Makoro yalisimama Buhene, mbele ya kufika kiwanja cha ndege. Mara hii Muzee alikuwa amefunga karto mapema na kuiweka karibu na mulango. Hata vita ya Januari 2025 ilimukuta karto ikiwa palepale. Lakini moto na vita si maadui peke yao. Adui mwingine anakuja polepole: baridi ya maji, mchwa, na vidole vyetu vyenye mafuta. Negatifu za rangi nyeusi na nyeupe zinashika sura kwa chembe za feza, na zikisafishwa vizuri zinakaa miaka mingi. Zile za rangi zinashika kwa dawa za rangi, ambazo joto na mwangaza vinazila. Ndiyo maana picha za ndoa za wazazi wetu zimekuwa nyekundu.

Basi mufanye hivi kwenu nyumbani. Shikeni picha kwa kando, si kwa uso. Andikeni nyuma kwa krayo, si kwa biki: fasi gani, mwaka gani, nani. Ziwekeni mu bahasha za karatasi, juu ya kabati, mbali na ukuta wenye maji. Na picha za telefone, musizitumainie: telefone ikiibiwa ao ikianguka mu ziwa, ni karto iliyoungua. Mutie nakala fasi mbili ao tatu.

Jambo la mwisho ambalo Muzee alitusihi: musipige hovyo. Ombeni ruhusa. Musielekeze kamera kwa askari, kwa barieri, wala kwa mutu anayekataa. Picha moja haifai kumupoteza mutoto.

MUPANGO WETU

Muzee anazeeka, na macho yake hayaoni tena vizuri mu chumba cha giza. Watoto wake wako mbali. Alituuliza: "Nani atasimama kwenye kona kisha mimi?" Hatukuwa na jibu pale. Sasa tunalo, dogo.

Tumeomba ruhusa kwa bwana prefe, naye amekubali. Siku ya posho ya kwanza ya kila muhula, saa moja ya asubuhi, tutasimama mbele ya mulango wa masomo na kupiga barabara, kaskazini na kusini, na kisha kichochoro kimoja, kila mara kingine. Tumeweka alama ya rangi nyeupe kwenye jiwe ambapo miguu inasimama, na tumeandika mistari yake mu kaye, kwa sababu jiwe nalo linaweza kuzikwa. Wa mwaka wa sita wakiondoka, watawaachia wa mwaka wa tano kaye hiyo.

Na ninyi wasomaji, tunaomba: kama mu nyumba yenu kuna picha moja ya barabara ya Goma, hata kama inaonekana tu nyuma ya harusi ya shangazi, muilete. Hatutaichukua. Tutaipiga nakala mbele ya macho yenu na kuirudisha siku ileile. Labda nyuma ya bega la shangazi yako kuna mulango ambao mutu fulani angali anautafuta.


Kikundi cha jarida