Mama aliyeshinda wanaume kwa vishale

Kuna mchezo wa kurusha vishale ubaoni. Mchezaji anasimama mita 2,37 kutoka ubao, anaanza na pointi 501, na kila akirusha vishale 3 anatoa hesabu, mpaka afikie sifuri kamili. Unataka jicho, mkono uliotulia na kuhesabu haraka kichwani. Nguvu za mwili si kitu sana.

Hata hivyo, katika kombe la dunia la wachezaji wa kulipwa, kule London, Uingereza, hakuna mwanamke aliyewahi kushinda mechi hata moja mpaka Desemba 2019. Mwaka ule waliingia wachezaji 96: mabingwa wakubwa, pamoja na waliopita mchujo wa kanda zao. Nafasi 2 ziliwekwa kwa mchujo wa wanawake. Mikuru Suzuki wa Japani alipata moja, akashindwa kwa seti 3 kwa 2. Nyingine ilikuwa ya Fallon Sherrock, Mwingereza, msusi wa nywele na mama wa mtoto mmoja.

Sherrock alimshinda Ted Evetts 3 kwa 2, kisha Mensur Suljović 3 kwa 1. Chris Dobey ndiye aliyemtoa.

Uwezo alikuwa nao tangu zamani. Mlango ulipofunguliwa, ulionekana. Basi sisi wazazi tuwafungulie binti zetu. Akitumwa sokoni, ahesabu mwenyewe franga za kurudishwa. Shule ikitafuta watoto wa mashindano ya hesabu, jina lake liandikwe pamoja na la kaka yake.