Maiti ya Ijumaa Kuu na Mpelelezi Asiyesali

Ibada ya Ijumaa Kuu inaendelea. Monsinyori Jefferson Wicks amemaliza mahubiri yake ya moto, jasho linamtoka, anaingia kwenye kijistoo kilicho hatua chache kutoka mimbarini ili apumzike kidogo. Kijistoo hicho hakina dirisha wala mlango wa pili, na waumini wote wamekaa wakitazama upande uleule. Muda mfupi baadaye anakutwa ameanguka sakafuni, kisu mgongoni.

Hilo ndilo fumbo la Wake Up Dead Man, filamu ya tatu katika mfululizo wa Knives Out wa Mmarekani Rian Johnson, aliyeiandika na kuiongoza mwenyewe. Ya kwanza ilitoka 2019, ya pili, Glass Onion, ikafuata 2022, na hii ilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto Septemba 2025 kabla ya kuingia Netflix Desemba mwaka huohuo. Kinachoendelea kutoka filamu moja hadi nyingine ni mtu mmoja tu, mpelelezi Benoit Blanc, anayeigizwa na Daniel Craig. Mahali, marehemu na watuhumiwa hubadilika kila mara.

Fumbo la aina hii, mtu kuuawa mahali ambapo muuaji hakuweza kuingia wala kutoka, lina umri mkubwa. Edgar Allan Poe alilitumia mwaka 1841 katika kisa cha mama na binti waliouawa Paris ndani ya chumba kilichofungwa. Mwaka 1935 John Dickson Carr akatoa The Hollow Man, na katika sura ya 17 akafanya jambo la ajabu: aliisimamisha hadithi, akamwacha mpelelezi wake, Dakta Fell, atoe mhadhara mzima juu ya njia za kuua mtu ndani ya chumba kilichofungwa. Silaha inaweza kuwa imetegwa mapema. Aliyedhaniwa yu hai huenda alikwisha kufa, na aliyedhaniwa amekufa huenda bado anapumua. Mlango ulioonekana umefungwa huenda ulifungwa baadaye. Karibu kila njia inategemea shahidi kukosea kuhusu saa au kuhusu mahali. Johnson hakuficha deni lake. Kitabu hicho kimo ndani ya filamu yenyewe, na Blanc anakitumia katika uchunguzi.

Lakini kwa nini mauaji haya yatokee kanisani? Hapa historia ya hadithi za upelelezi ina jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mwaka 1929 Mwingereza Ronald Knox aliandika amri kumi za hadithi za upelelezi, na amri ya pili inapiga marufuku nguvu zozote zisizo za kawaida: hakuna mzuka wala muujiza utakaokubaliwa kuwa jibu. Knox alikuwa padre wa Kanisa Katoliki, na baadaye aliitafsiri Biblia nzima kwa Kiingereza. Kabla yake, mwaka 1910, G. K. Chesterton alimleta duniani Padre Brown, mpelelezi mwenye kanzu. Katika hadithi yake ya kwanza anamnasa mwizi aliyejifanya padre, na moja ya mambo yaliyomfichua mwizi huyo ni kwamba aliidharau akili katika mazungumzo yao. Kwa Padre Brown, padre halisi hawezi kuidharau akili. Chesterton alimchora mhusika huyo akimfikiria padre rafiki yake, John O'Connor. Ni sadfa tu, lakini inapendeza, kwamba anayeigiza padre anayeshukiwa katika filamu hii naye ni O'Connor, Josh.

Ndiyo maana nasema imani na upelelezi si maadui kama inavyodhaniwa. Mtu anayeamini kwa dhati ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuufichua muujiza wa uongo, maana unamharibia kitu anachokipenda.

Wasomaji wa Kiswahili walikwisha kutembezwa katika uwanja huu. Katika Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa 1960, maiti inaonekana mahali watu wanapopaogopa na kupatolea sadaka, na mpelelezi Bwana Msa, kiko mdomoni, anakataa kuwaachia mizimu lawama ya kazi ya binadamu.

Katika filamu ya Johnson jaribu lenyewe ni la jiwe. Marehemu anazikwa katika kaburi la babu yake, lenye mlango unaoitwa mlango wa Lazaro. Kwa nje haufunguki bila mitambo ya ujenzi, lakini kwa ndani msukumo mdogo unatosha kuuangusha. Baada ya mazishi mlango unafunguka, na anaonekana mtu akitoka. Kundi dogo la waumini, ambalo Wicks alilifunga kwake kwa hofu na hasira kwa miaka, liko tayari kuamini. Aliyeupanga ule mlango katika hadithi anastahili sifa: ni kifaa cha sayansi ya upelelezi na papo hapo ni swali la imani, na huwezi kulichunguza moja bila kuligusa jingine.

Anayeshukiwa ni Padre Jud Duplenticy, aliyekuwa mwanandondi na aliyewahi kumuua mtu ulingoni. Blanc anapofika, filamu imekwisha kwenda takriban dakika 40. Hafichi msimamo wake: hasali, na anaona dini ni masimulizi yaliyotumika kuwaumiza watu. Jud hamkemei. Anakubali kwamba ni masimulizi, kisha anauliza kama yanatudanganya au yanagusa ndani yetu ukweli usioweza kusemwa kwa njia nyingine. Mwanga wa jua uliofifia Blanc akizungumza unarudi na kulijaza kanisa Jud anapojibu. Johnson amesema wazi kwamba alilelewa katika Uprotestanti wa kiinjili na kwamba leo haamini tena. Katika mazungumzo haya nasikia mtu anayezipa haki nusu zake zote mbili.

Kisha kuna simu. Jud na Blanc wanataka kujua nani aliagiza mtambo uliofungua kaburi, kwa hiyo Jud anaipigia kampuni ya ujenzi. Anapokea mama mmoja, Louise, mpenda maneno, na Blanc anahangaika pembeni akitaka jina tu. Mara sauti ya Louise inabadilika. Anauliza kama padre anaweza kumwombea. Mama yake anakufa, na wao wawili hawajaelewana. Jud anaacha kila kitu, anaenda kando na simu, anamsikiliza na kusali naye, saa zikipita. Uchunguzi mzima unasimama. Katika hadithi ya fumbo, ambapo kila dakika inapaswa kuzaa dalili, huu ni uamuzi wa ujasiri mkubwa, na kwangu mimi ndio moyo wa filamu. Baada ya simu hiyo Jud anatambua kwamba kazi yake haikuwa kujisafisha jina.

Sitamtaja muuaji, lakini lazima nitaje jinsi Blanc anavyolimaliza jambo. Desturi ya hadithi hizi ni mpelelezi kuwakusanya watu wote na kuwapa jibu huku wakimshangaa. Blanc anaianza hotuba hiyo, jibu analo, kisha anajizuia na kutangaza kwamba ameshindwa, ili mwenye hatia apate nafasi ya kuungama mwenyewe. Alfred Hitchcock alilipita lango hili kutoka upande wa pili mwaka 1953 katika I Confess, ambamo padre anajua muuaji ni nani lakini siri ya kitubio inamfunga mdomo hata anaposhtakiwa yeye. Kwa Hitchcock kitubio kinaufunga ukweli; kwa Johnson ndicho njia pekee ya ukweli kutoka bila kumwangamiza anayeusema.

Johnson hakumbatiza mpelelezi wake, wala hakumnyang'anya padre imani yake. Mwishoni Jud anamkaribisha Blanc kwenye Misa. Blanc anakataa bila kuzunguka, na wanaagana kama marafiki.