Miguu imekufa, lakini kosa haliko miguuni

Mazungumzo ya redio kwa familia zilizokimbia makwao na kwa machifu, Kisangani

Leo tunazungumza juu ya kichwa na mgongo. Pengine utauliza: mambo ya mwili yanaingiaje katika mazungumzo ya amani? Yanaingia hivi. Kijana amepigwa au ameanguka. Mguu hauna kidonda, mfupa wa mguu ni mzima, lakini hatembei tena. Familia inatazama mguu, haioni kitu. Basi inaanza kutafuta mtu: nani amemfunga? Jina linatajwa, mara nyingi la mama mzee asiye na mtetezi, au la jirani wa kabila lingine. Hapo ugomvi unaanza upya, na haukutoka porini, umetoka ndani ya nyumba.

Kwa hiyo tazama kwanza jinsi mwili ulivyotengenezwa.

Ndani ya fuvu la kichwa mna ubongo. Ni kitu laini sana, na kwa mtu mzima una uzito wa kilo 1 na gramu 300 au 400 hivi. Sehemu yake kubwa, ile ya juu yenye mikunjo, ndiyo inayofikiri, kukumbuka, kusema, na kuamuru mikono na miguu. Upande wa kushoto unaamuru mkono na mguu wa kulia, upande wa kulia unaamuru vya kushoto. Ndiyo maana mzee aliyepasuka mshipa wa damu kichwani hupooza upande mmoja tu wa mwili. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inapima maneno kabla hayajatoka mdomoni na inazuia hasira. Nyuma, chini, kuna ubongo mdogo: huo ndio unaomsaidia mama kubeba beseni kichwani bila kuyumba. Na chini kabisa kuna shina la ubongo, linaloshika pumzi na mapigo ya moyo hata wewe ukiwa usingizini.

Kutoka katika shina hilo unashuka ugwe wa mgongo. Watu wengi wanauchanganya na mfupa. Mfupa ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kila moja ina tundu. Ugwe ni kamba laini inayopita ndani ya matundu hayo, nene kama kidole kidogo cha mkono, urefu wake sentimeta 45 hivi. Kutoka humo zinatoka jozi 31 za mishipa ya fahamu, kwenda mikononi, kifuani, tumboni, miguuni. Amri inashuka humo, na habari ya maumivu, joto na baridi inapanda humo humo. Ni kama barabara moja tu ya kufika kijijini. Daraja likivunjika, kijiji ni kizima, lakini hakuna gari linalofika.

Sasa unaelewa. Ugwe ukikatika kifuani au karibu na kiuno, miguu inakufa, na mara nyingi mtu hawezi tena kuzuia mkojo wala choo. Ukikatika shingoni, mikono nayo inakufa, na juu zaidi pumzi yenyewe inasimama. Mfupa uliovunjika huungana. Ugwe uliokatika hauungani hivyo, na hakuna kafara litakalouunganisha.

Lakini mara nyingine mfupa umevunjika na ugwe bado ni mzima, halafu sisi wenyewe tunaukata kwa kumbeba vibaya. Hapa nawaomba machifu wasikilize vizuri. Mji huu ulipigwa mabomu kwa siku sita, tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana kati ya nyumba za watu. Mwaka 2023 watu wa Lubunga walikimbia tena, wakavuka mto, kwa sababu ya mapigano ya Wambole na Walengola. Katika mbio za namna hiyo majeruhi hushikwa mikono na miguu, au huketishwa kwenye toleka au pikipiki. Usifanye hivyo kwa mtu aliyeumia shingo au mgongo. Tafuta ubao au mlango. Mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili, kiwe sawa na mwili, wengine watatu wamgeuze wote pamoja kama gogo, kisha alazwe juu ya ubao. Hata katika mtumbwi avuke amelala.

Na aliyepigwa kichwani, hata akiamka na kusema vizuri, mwangalieni usiku na mchana. Akitapika, akilala usingizi mzito usio wa kawaida, au mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, ni hospitali mara moja. Baadaye anaweza kurudi nyumbani akiwa mtu mwingine: mkali, msahaulifu, mwenye maneno mabaya. Mkewe atasema amerogwa. Hapana, sehemu ile ya mbele imeumia.

Kuna jambo jingine, na hili linawahusu hasa ninyi mliokimbia mkaacha mashamba. Mtoto au mama analala mzima, asubuhi miguu yote miwili imekakamaa. Haumwi homa, akili yake ni timamu. Ugonjwa huu unaitwa konzo, neno la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka Kwango. Hata jina lenyewe linasema mtu amefungwa! Lakini aliyefunga ni sumu ya muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Sumu hiyo inaharibu njia zinazobeba amri kutoka ubongoni kwenda miguuni, na haina dawa ya kuirudisha miguu. Njaa ya vita ndiyo inayoleta, kwa sababu mtu mwenye njaa hangoji.

Loweka muhogo mchungu siku tatu kamili, kisha uanike vizuri. Kama umenunua unga na hujui ulitengenezwaje, uloweshe maji kidogo, uutandaze mwembamba juu ya mkeka, saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu itoke na hewa, kisha upike fufu siku hiyo hiyo. Ukipata maharagwe au samaki, wape watoto kwanza, kwa maana vyakula hivyo vinasaidia mwili kuitoa sumu.

Mgonjwa ambaye miguu yake imekufa, mgeuzeni ubavu kila saa 2, usiku pia, asiote vidonda vya kulalia. Vidonda hivyo ndivyo vinavyoua wengi, si mgongo wenyewe. Na chifu akiletewa kesi ya mtu aliyefungwa miguu, aulize maswali matatu kabla ya kupokea jina lolote: alianguka au alipigwa wapi, alibebwa namna gani, na muhogo wa nyumba hiyo ulilowekwa siku ngapi.