Nilimpigia Mpwa Wangu Kura Kumi na Moja

Leo naanza kwa kuungama. Mwaka uliopita kulifanywa shindano la kutunga nyimbo huku kwetu Pwani, kura zikipigwa kwa intaneti. Kanuni zilisema simu moja, kura moja kwa siku. Mimi nilikuwa na simu yangu, simu ya mke wangu, simu ya jirani yangu muuza korosho ambaye hata leo hajui kwamba aliwahi kupiga kura, na laini mbili kuukuu nilizokuwa nimezihifadhi katika kikopo pamoja na vifungo vya kanzu. Kwa siku tatu za mwisho nilipiga kura kumi na moja. Zote zilimwendea kijana mmoja wa Msambweni, mtoto wa dada yangu.

Wasiotujua watasema huo ni upendeleo. Wanaotujua watauliza ningefanyaje. Kwa sisi Wadigo mjomba si mtu wa kuja siku ya sikukuu akala pilau akaondoka. Zamani mali ilitoka kwa mjomba ikaenda kwa mpwa, na ijapokuwa mambo ya urithi yamebadilika, lawama hazijabadilika. Dada yangu alinipigia simu alfajiri, hata salamu hakuimaliza. "Kaka, mwanao anapitwa na watu wa Likoni, nawe umelala?" Basi nikaamka nikakitafuta kile kikopo.

Wenye shindano sitawataja, kwani naamini nia yao ilikuwa njema. Walitaka nyimbo mpya zenye mahadhi ya kwetu, kutoka kaunti zote sita za Pwani. Nyimbo kumi na mbili ziliteuliwa zikawekwa mtandaoni, na umma ukapewa majuma matatu kuchagua. Mshindi angerekodiwa katika studio nzuri Mombasa na kupewa fedha kidogo za kuanzia. Kwa kijana anayeshinda akibeba mizigo ya watalii Diani msimu wa watalii, na akikaa bure msimu wa mvua, hilo si jambo dogo. Mpwa wangu aliuza mbuzi mmoja ili amlipe mpiga nzumari.

USIKU WA MWISHO

Hadi jioni ya siku ya mwisho wimbo wa Msambweni ulikuwa mbele. Kulipokucha wimbo wa Likoni ulikuwa umeupita kwa mamia ya kura. Ukunda yote ikachafuka. Kwenye vituo vya bodaboda yalisemwa mambo mengi: kwamba kuna vijana Mombasa wanaouza kura kwa shilingi kadhaa, kwamba mtu mmoja alikuwa na laini arobaini, kwamba mtoto wa mmoja wa waandalizi ameoa Likoni. Siku mbili baadaye wenye shindano wakatoa taarifa fupi. Walisema wameziondoa kura zisizo halali pande zote, na matokeo ni yale yale. Hawakusema ziliondolewa ngapi wala kwa nini.

Ilipokuja kujulikana kwamba Msambweni ndiyo iliyopunguziwa zaidi, moto ukawaka upya.

Nikaingia katika kazi ya kuulizauliza, nikapata jambo ambalo sikulitarajia. Wafanyakazi wa hoteli moja ya Diani, wapishi, watunza bustani na wale wa mapokezi, walikuwa wamempigia mpwa wangu kura wakati wa mapumziko. Kila mmoja alitumia simu yake na kupiga kura moja, bila hila yoyote. Lakini wote walitumia mtandao wa hoteli. Na mtandao wa namna hiyo, mkiwa mko sitini ndani yake, kwa mtu aliye nje huonekana kama mlango mmoja. Mtambo wa kuhesabu ukaona kura nyingi kutoka anwani moja ya intaneti, ukadhani ni mtu mmoja mwenye tamaa, ukazifuta. Kura zangu mimi, za kikopo, zilitoka katika laini mbalimbali. Hakuna hata moja iliyofutwa.

Hebu fikiri: mpishi aliyefuata kanuni alinyang'anywa sauti yake, nami niliyezivunja nikahesabiwa mara kumi na moja.

MKUTANO

Waandalizi waliitisha mkutano Ukunda ili kutuliza watu. Nilikwenda nikaketi nyuma kabisa, kama inavyompasa mtu mwenye siri. Watu wa Likoni walikuja kwa matatu mbili, na watu wa Msambweni walijaza viti vya mbele. Kelele zilizopigwa hapo ningeziandika zingejaza ukurasa huu na wa michezo. Upande mmoja ulitaka kura zihesabiwe upya, upande wa pili ukasema ushindi ni ushindi. Bwana mmoja aliyevaa kofia ya vito alisimama akauliza swali lililokuwa na maana: "Je, mwaweza kutuonyesha hesabu yenyewe, kabla ya kufuta na baada ya kufuta?" Akajibiwa kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu.

Jibu hilo ndilo lililonikera kuliko wizi wowote. Mwaka 2019 huko Korea ya Kusini kulikuwa na kipindi cha televisheni kilichoitwa Produce X 101, watazamaji wakiwachagulia waimbaji nafasi kwa kura. Matokeo yalipotangazwa, mashabiki wenyewe walikaa wakatoa na kujumlisha, wakaona tofauti ya kura 29,978 ikijirudia mara kadhaa baina ya mshindani mmoja na mwenzake. Kitu kama hicho hakitokei kwa bahati. Polisi waliingia, na mwaka uliofuata mtayarishaji wa kipindi alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Hapo aliyechezea kura ni mwenye shindano mwenyewe, na aliyemfichua ni mtoto wa watu mwenye kalamu na karatasi. Lakini alizipata namba. Sisi pale Ukunda hatukupewa namba za kujumlisha.

Hata makosa ya bahati mbaya hurekebishika zaidi pale watu wanapotazama. Sisi wa Afrika Mashariki tunakumbuka Novemba 2016, tuzo za MTV za Ulaya zilipofanywa Rotterdam. Kwanza ilitangazwa kwamba msanii bora wa Afrika ni Wizkid wa Nigeria, kisha ikarekebishwa, tuzo ikaenda kwa Alikiba wa Tanzania. Mijadala iliyozuka mitandaoni siku zile wengi hawajaisahau.

Lakini narudi mkutanoni. Mzee mmoja mpiga ngoma kutoka upande wa Gazi, ambaye amepiga sengenya tangu kabla ya Uhuru, alikuwa ametulia muda wote akitafuna tambuu. Alipoombwa aseme neno alisema, "Wanangu, mimi nimezisikiliza zote kumi na mbili. Mjukuu wangu alinifungulia. Nanyi mnaogombana, nani amezisikiliza zote kumi na mbili?"

Ukumbi ulinyamaza. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Kisha mzee akasema kwamba kwake yeye wimbo uliokuwa bora haukuwa wa Msambweni wala wa Likoni. Ulikuwa wa binti mmoja wa Kinango, uliokuwa wa tisa. Watu wakacheka kidogo kwa adabu, wakarudi kwenye ugomvi wao.

NGOMA ZA ZAMANI

Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nikijisemea kwamba zamani mambo hayakuwa hivi. Lakini nilipofikiri zaidi nikaona najidanganya. Mashindano ya ngoma ni jambo kongwe katika Pwani hii. Wazee wetu walishindana katika beni, toka Lamu hadi Tanga na mbali zaidi. Mombasa mabibi wa lelemama walikuwa na vyama vyao, na mashindano ya Ibinaal Watan na Banu Saada yalizigawa nyumba na mitaa. Wala mshindi hakupatikana kwa utamu wa wimbo peke yake. Walishindana kwa mavazi, kwa karamu, kwa fahari na kwa maneno ya mafumbo yenye kuchoma. Fedha zilizotumika zilikuwa nyingi, na bila shaka wako waliobaki na madeni. Kwa hiyo anayesema kwamba simu ndiyo iliyoleta ushindi wa kununuliwa, hajawasikiliza vizuri bibi zake.

Hata hivyo tofauti moja ipo. Aliyekwenda kuishangilia ngoma ya upande wake alilazimika kusimama uwanjani, na akisimama uwanjani aliisikia na ya upande wa pili, apende asipende. Tena alikuwa na miguu miwili tu, hakuweza kuwa watu kumi na mmoja. Mimi nilipiga kura zangu nikiwa kitandani, na nyimbo nyingine sikuzifungua hata moja.

Mwaka 2002 Idhaa ya Dunia ya BBC, ilipotimiza miaka 70, iliwaomba wasikilizaji wachague wimbo wanaoupenda kuliko zote duniani. Kura zilikuja kwa intaneti, kama laki moja na nusu, kutoka nchi zaidi ya 150. Wimbo ulioshinda ni "A Nation Once Again", wimbo wa uzalendo wa Ireland wa karne ya 19, kama ulivyoimbwa na kundi la Wolfe Tones, na wa pili ukawa "Vande Mataram" wa India. Ulimwengu ulishangaa. Haikuwa kwamba mtu aliiba kura. Watu walitumiana barua pepe, pigeni kura jamaa, nao wakapiga. Kilichopimwa ni nani ana ndugu wengi wenye bidii, na kwa kipimo hicho matokeo yalikuwa ya haki kabisa.

Sasa tazama Pwani. Kwa hesabu ya watu ya 2019 Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333, na Kwale nzima, kutoka Matuga hadi Lunga Lunga, 866,820. Hata kila mtu angekuwa mwaminifu kama malaika, wimbo wa Likoni ungeanza mbio ukiwa hatua kadhaa mbele. Na wimbo wa Msambweni, wenye Diani na hoteli zake karibu, ungekuwa hatua kadhaa mbele ya wimbo wa Kinango.

Wapo wanaosema dawa ni kurudi kwa majaji. Mimi nawakubalia nusu. Katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, jaji husimama mbele ya watu akaeleza alichokiona katika wimbo kabla ya kutoa alama, na hata mwalimu aliyeshindwa huondoka na kitu cha kwenda kurekebisha. Hilo ni jambo la heshima. Lakini majaji nao ni watu. Katika shindano la nyimbo la Eurovision mwaka 2022, waandalizi walizitupa alama za majaji wa nchi sita baada ya kuona zimepangwa kwa namna isiyo ya kawaida. Jaji ninayemtaka mimi ni yule anayelazimika kusema sababu zake kwa sauti, mbele ya mpiga ngoma wa Gazi.

WIMBO WA TISA

Juma lile lile niliketi barazani usiku, nikazifungua nyimbo zote kumi na mbili moja baada ya nyingine. Wimbo wa Likoni ni mzuri, tena sana. Nasikitika kuyaandika haya, maana dada yangu husomewa gazeti hili. Wimbo wa mpwa wangu una mdundo mzuri wa sengenya, ila nzumari imekuwa na nguvu mno na maneno hayasikiki vizuri. Mbuzi yule alilia peke yake.

Kisha nikafika kwa binti wa Kinango. Amerekodi kwa simu, na jogoo anasikika kwa mbali. Ala ni kayamba moja tu. Anaimba juu ya mama anayeyatazama mawingu yakipita kwenda kunyesha kwengine, na pale unapotarajia kiitikio yeye ananyamaza, kayamba inaendelea peke yake, kama mtu anayengoja. Niliurudia mara tatu. Mke wangu alitoka ndani akaketi kando yangu, hakusema neno.

Kura zake hazikufika mia. Nilimpata mwalimu wake kwa simu. Aliniambia kwamba binti alisikia habari za mkutano wa Ukunda, lakini kutoka Kinango hadi Kwale mjini, kisha Kombani, kisha Ukunda, ni nauli ya kwenda na nauli ya kurudi, na tena aende kulalamika nini? Hakuna aliyemwibia kura. Hazikuwapo za kuibwa.

Nilimwambia mpwa wangu yote, pamoja na habari za kikopo. Nilitarajia ataona haya. Badala yake aliniomba nimfungulie ule wimbo. Aliusikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye nguzo ya baraza, kisha akauliza kama yule binti ana mtu wa kumpigia nzumari, nzumari ya taratibu, isiyofunika maneno.

Jumamosi hii anakwenda Kinango pamoja na mpiga nzumari wake. Nauli ya wote wawili, kwenda na kurudi, ameniomba mimi mjomba wake.