Si Kila Uvimbe wa Kongosho ni Saratani
Mzee mwenye macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai na uvimbe wa kongosho usio na maumivu makali hudhaniwa kuwa na saratani. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Wapo, hata hivyo, ambao kinga ya mwili wao wenyewe hulishambulia kongosho na kuibana mirija ya nyongo. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walionyesha kuwa kingamwili aina ya IgG4 huongezeka katika damu ya wagonjwa hao. Kipimo hicho pekee hakitoshi, kwani saratani nayo huweza kuiongeza. Kuanza dawa kwa kubahatisha ni kuipa saratani muda. Kipande cha nyama kichunguzwe kwanza. Ugonjwa ukithibitika, prednisoloni hupunguza uvimbe ndani ya wiki chache, bila kisu, ingawa huweza kurudi dozi ipunguzwapo.