Daktari Aliyehesabu Vifo vya Akina Mama



Mwanamke akifa kwa uzazi, watu wengi husema, "Siku zake zilikuwa zimefika." Wanalia, wanazika, kisha wanarudi shambani. Ni wachache wanaouliza: Je, alikuwa na umri gani? Je, alikuwa na damu ya kutosha? Je, alifikishwa hospitali mapema? Somo hili linaeleza habari za daktari mmoja Mwafrika aliyeuliza maswali hayo na kuyatafutia majibu.

Daktari huyo ni Profesa Kelsey Harrison wa Nigeria. Alizaliwa mwaka 1933 katika mji wa Abonnema, kusini mwa nchi hiyo. Alisomea udaktari, akawa bingwa wa uzazi. Alipokuwa Ibadan alichunguza upungufu wa damu kwa wanawake wajawazito. Baadaye alikwenda Zaria, mji wa kaskazini, akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello.

Profesa wa uzazi ana kazi tatu. Kwanza, huwatibu akina mama. Pili, huwafundisha madaktari na wakunga. Tatu, hufanya uchunguzi. Kuchunguza ni kutafuta chanzo cha jambo kwa kuhesabu, kuandika na kulinganisha. Mkulima anayepima mavuno ya shamba lenye samadi, kisha akapima ya shamba lisilo na samadi, naye amechunguza.

Hospitali ya Zaria ilipokea akina mama wengi walio mahututi. Kati ya mwaka 1976 na 1979, Harrison na wenzake waliandika habari za kila mwanamke aliyejifungua hapo. Waliandika umri wake, kama alisoma shule, kama alihudhuria kliniki, na jinsi alivyojifungua. Waliandika habari za uzazi 22,774. Matokeo yalichapishwa mwaka 1985.

Je, hesabu hiyo ilionyesha nini? Katika kila wanawake 100, karibu mmoja alikufa. Lakini kifo hakikuwapata wote sawasawa.

Wengi wa waliokufa hawakuwa wamehudhuria kliniki. Waliletwa hospitali wakiwa taabani, baada ya kukaa nyumbani na uchungu, au kutokwa damu nyingi, au kushikwa na kifafa cha uzazi. Wale waliohudhuria kliniki na kuonekana wazima, ni wachache sana waliokufa.

Wasichana wadogo walipata taabu kubwa. Nyonga ya msichana ambaye hajakomaa ni nyembamba. Mtoto hukwama njiani. Kichwa chake hubana kibofu kwa muda mrefu mpaka nyama inakufa na tundu linatokea. Tangu hapo mkojo humtoka mama bila kukoma. Ugonjwa huo huitwa fistula. Wengine waliachwa na waume zao kwa sababu yake, ingawa hawakuwa na kosa lolote. Fistula hutibiwa kwa upasuaji.

Harrison na wenzake walifanya pia jaribio. Waliwapa wasichana wenye mimba ya kwanza dawa ya kuzuia malaria pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Baadhi ya wasichana hao waliongezeka urefu wakiwa wajawazito. Maana yake ni kwamba miili yao ilikuwa bado inakua.

Jambo jingine linatuhusu sana sisi wa madarasa haya. Wanawake waliosoma walikufa kwa uchache kuliko wasiosoma. Aliyesoma huolewa baadaye, huenda kliniki mapema, na husikilizwa nyumbani. Kwa sababu hiyo Profesa Harrison alisisitiza kwamba elimu kwa watu wote ni kinga ya vifo vya uzazi. Daktari peke yake hatoshi.

Mwaka 1987 wataalamu wa mataifa mengi walikutana Nairobi, Kenya, wakaanzisha juhudi za uzazi salama duniani. Tangu wakati huo vifo vimepungua, lakini havijaisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walikufa kwa ujauzito na uzazi. Hao ni zaidi ya 700 kila siku. Wengi wao wangeweza kuokolewa.

Nyumbani kwako je? Fanyeni haya:

1. Mama aende kliniki mara tu anapojua ana mimba. Baba amsindikize.
2. Wekeni akiba ya nauli, na mjue mapema ni gari la nani litakalotumika usiku.
3. Mama ajifungulie katika kituo cha afya au hospitali.
4. Akitokwa damu, akiumwa kichwa sana, akiona kiwi, akivimba uso au akipata degedege, apelekwe mara moja. Msingoje kupambazuke. Msingoje mume arudi safarini.
5. Msimwoze binti kabla hajakomaa. Mwacheni asome.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini Profesa Harrison alihesabu akina mama wote, na siyo waliokufa tu?
2. Katika kijiji chetu, ni nini kinachowachelewesha akina mama kufika hospitali?
3. Darasa letu linaweza kufanya nini kuondoa ucheleweshaji huo?