Maziwa Yasubiri Moto Upite



Baada ya darsa la akina mama, dada yetu mmoja alitujia na kipande cha sabuni kilichofungwa gazetini. Aliipika mwenyewe kwa mafuta ya nazi na maziwa ya mbuzi, na akiba yake ya mwezi ikaishia humo. Sabuni ilitoka rangi ya kahawia, ikanuka. Akauliza kwa huzuni, "Sheikh, hii ni najisi?"

Tulimjibu kuwa si najisi, kwani mafuta na maziwa yake yalikuwa tohara. Kosa lilikuwa katika mpangilio. Aliitia kostiki soda ndani ya maziwa. Kostiki ikiyeyuka huzua joto kali, na sukari iliyomo katika maziwa huungua papo hapo.

Tukawaendea wapishi wazoefu, wakatufunza hivi. Kwa gramu 500 za mafuta ya nazi, pima kwa mizani, si kwa kikombe, gramu 78 za kostiki na gramu 150 za maji. Mimina kostiki katika maji, wala usigeuze ukamimina maji juu ya kostiki, kwani huweza kuruka na kuunguza. Changanya na mafuta yaliyopashwa moto, koroga hadi mchanganyiko uwe mzito, kisha upike kwa moto mdogo, kiasi cha saa 1, mpaka ung'ae kama mafuta mazito ya kujipaka. Poza kipande kidogo, ukiguse kwa ncha ya ulimi. Kikichoma, endelea kupika. Kisipochoma, epua, subiri joto lipungue, ndipo utie gramu 50 za maziwa vuguvugu, na ushindilie sabuni katika kalibu. Maziwa huja mwisho, kostiki ikiwa imekwisha kazi yake.

Dada zetu, sufuria nyingi za majumbani mwetu ni za alumini, na kostiki huila alumini na kutoa gesi inayoweza kuwaka. Tumieni chuma kisichoshika kutu, vaeni glavu na miwani, fungueni madirisha. Ikiruka mwilini, osheni kwa maji mengi yanayotiririka. Zaidi ya yote, msiihifadhi kostiki katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi, na funda moja huweza kumteketeza koo maisha yake yote. Watoto ni amana.

Anayeuza naye aseme kweli: sabuni ya maziwa husafisha, wala asidai kuwa inatibu maradhi.

Sabuni ya dada yetu haikuchoma ulimi, basi tulimwambia asiitupe, kwani huo ungekuwa israfu. Aifulie nguo. Ya pili aliipika kwa mpangilio huu, ikatoka rangi ya malai.

Mwenyezi Mungu azibariki kazi za mikono yenu. Wabillahi tawfiq.